Taa za Land Rover ya Zamani: Umeme Lazima Urudi Nyumbani

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa sisi mafundi umeme wa magari wa Levolosi, mjini Arusha, mbele ya madereva, utingo na wenye magari ya vijijini. Tumeyaandika kama tulivyoyasema, ili naye ambaye hakufika ayasome.)

Tunaona wengine mmekuja na magari yenyewe. Hilo ni jambo jema, maana taa haifundishwi kwa mdomo tu.

Leo tutazungumza juu ya taa za magari ya zamani, hasa Land Rover. Injini tutaiacha. Kwa nini tumechagua taa? Kwa sababu injini ikifa, gari husimama. Mtalala njiani, baridi itawapiga, asubuhi mtamtafuta fundi. Hasara ipo, lakini watu ni wazima. Gari lililokufa taa halisimami. Dereva anaendelea nalo.

Mnajua inavyokuwa. Mnada umechelewa kwisha. Abiria wamejaa, magunia yapo juu ya keria, mbuzi wamefungwa nyuma. Giza linaingia. Taa ya kulia haiwaki. Dereva anasema, "Twendeni hivyo hivyo, njia naijua." Ni kweli, njia anaijua. Lakini punda aliyesimama katikati ya njia usiku huo, je, anajua alipo?

Tufanye hesabu kidogo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linakata karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Ukishtuka tu na kusema "punda!", mita 17 zimekwisha kupita, na mguu bado haujagusa breki. Kama taa zako zinaonyesha mita 20 mbele, basi utamwona punda wakati uleule unapomgonga.

Mwenye taa moja ya mbele ana hatari nyingine tena. Dereva anayekuja huona taa moja akadhani ni pikipiki. Anakuachia nafasi ya pikipiki. Kumbe wewe ni Land Rover yenye watu kumi na wanne.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai gari liwe na taa usiku. Lakini sisi hatukuja kuwatisha kwa trafiki. Huko kwenye njia za porini saa tatu usiku trafiki hayupo. Waliopo ni ninyi, abiria wenu na mifugo ya watu.

NYAYA ZENYE UMRI WA BABU

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948. Ilitoka Uingereza. Wakati ule vita kuu ilikuwa imekwisha juzi tu, na chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo bodi walilitengeneza kwa alumini, na chesisi ya chini wakaitengeneza kwa chuma. Shikeni neno hilo, alumini juu ya chuma. Tutalirudia, maana nusu ya ugonjwa wa taa unatoka hapo.

Ile ndefu mnayoijua wote, tunayoiita 109, imepewa namba hiyo kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, yaani karibu mita 2 na sentimita 77. Aina inayoitwa Series III ilianza kutoka mwaka 1971 ikaisha mwaka 1985. Sasa hesabuni wenyewe. Hata ile ya mwisho kabisa ina miaka ipatayo 40. Dereva wake huenda hajafika umri huo.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 hapa Arusha palikuwa na tamasha kubwa la Land Rover. Magari yalipangwa msururu mrefu na wageni wakapiga picha. Tulifurahi sana. Lakini Land Rover za kwenye picha huoshwa, zikalala ndani. Za kwenu zinapita kwenye rasta za Longido, zinaingia mtoni wakati wa masika, zinakunywa vumbi la Monduli kiangazi kizima. Rasta hulegeza bolti. Maji huleta kutu. Vumbi huingia ndani ya swichi. Na gari likikaa bandani miezi miwili, panya hutafuna nyaya. Basi taa ikikataa, msishangae.

UMEME UNAKWENDA NA KURUDI

Watu wengi wanafikiri umeme ni kama maji ya mfereji. Maji yanatoka juu mlimani Meru, yanashuka kwa mfereji, yanaingia shambani, yamekwisha. Umeme hauko hivyo. Umeme ukitoka betri, lazima urudi betri. Ni kama Hiace inayotoka stendi. Ikienda lazima irudi stendi, ndipo iende tena. Barabara ya kurudi ikifungwa, hata safari ya kwenda hakuna.

Katika gari, barabara ya kwenda ni waya. Unatoka betri, unapita kwenye swichi, unafika kwenye globu. Je, barabara ya kurudi ni ipi? Hapo ndipo wengi hukosa jibu. Watengenezaji hawakuweka waya wa pili urefu wote. Walilitumia gari lenyewe. Umeme ukishapita kwenye globu huingia kwenye bodi, ukashuka kwenye chesisi, ukarudi betri kwa ule waya mnene uliofungwa na bolti. Sisi mafundi njia hiyo ya kurudi tunaiita ethi.

Sasa rudini kwenye alumini na chuma. Madini haya mawili yakigusana na kupata maji, alumini huliwa polepole. Unga mweupe hutokea katikati yao. Mmeuona unga huo kwenye bodi la Land Rover, hasa penye bolti. Unga huo haupitishi umeme. Kutu nayo haipitishi vizuri. Rangi haipitishi kabisa. Kwa hiyo gari lina betri nzuri, lina globu nzuri, lina waya mzuri, na taa haiwaki, au inawaka nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Barabara ya kurudi imefungwa.

Kila mwaka tunaletewa magari yaliyotoka kupakwa rangi mpya. Mwenyewe anasema, "Nililipeleka kwa mpaka rangi likiwa na taa zote, limerudi halina." Anadhani ameibiwa globu. Hakuibiwa. Mpaka rangi alifungua taa, akapaka vizuri mpaka chini yake, akafunga taa juu ya rangi. Ethi ikapotea. Tunakwangua rangi kidogo pale bolti inapokaa, na taa inawaka.

Tuwape mfano mwingine, maana huu uligharimu watu fedha nyingi. Lililetwa gari moja, 109 ya petroli, kutoka upande wa Longido. Lilikuwa la watu watano waliochanga. Walisema taa zinafifia, na kila asubuhi wanalisukuma. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamenunua betri mbili mpya na altaneta moja. Betri mpya ilifanya kazi wiki mbili, tatu, halafu taa zinaanza tena kuwa nyekundu. Mmoja wao tayari alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya betri ya pili, na sasa waligombana, kila mmoja akimshuku dereva kwamba anauza betri nzuri na kurudisha mbovu.

Tuliwaambia wapige stata, sisi tukashika waya wa choki. Ulikuwa wa moto. Je, waya wa choki una kazi gani na umeme? Hauna kazi yoyote. Huo ni wa kuvuta kwa mkono tu. Lakini injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana kuna mkanda wa waya unaounganisha injini na chesisi. Mkanda ule ulikuwa umekatika, umefichwa na grisi na matope. Umeme ulitafuta njia nyingine ya kupita kati ya injini na gari, ukakuta waya wa choki, ambao ni mwembamba. Altaneta nayo imefungwa kwenye injini, kwa hiyo chaji haikuifikia betri sawasawa. Betri zilikuwa zinakufa kwa njaa. Tulifunga mkanda mpya, tukasafisha pande zote mbili. Betri ya pili ilipochajiwa, ikasimama. Dereva hakuwa mwizi.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kabla ya kununua betri, kabla ya kununua altaneta, kabla ya kumshuku mtu, tafuta ethi kwanza.

VITU VYA KUPIMIA

Huhitaji vifaa vingi. Chukua globu ndogo ya gari na kishikio chake. Funga nyaya mbili, mmoja mrefu. Mwisho wa kila waya weka kibanio. Hiyo ni taa ya kupimia. Ongeza bisibisi, spana, msasa, kisu, tepu ya umeme na waya mmoja mrefu unaofika kutoka betri hadi taa za nyuma. Mwenye uwezo anunue mita ya kupimia volti, siku hizi zipo ndogo za bei nafuu.

Mwenye mita aanze na betri. Gari limezimwa na limepumzika saa kadhaa. Betri iliyojaa itasoma kama volti 12 na pointi 6. Ikisoma 12 kamili, usifurahi, hiyo imekaribia kuwa tupu. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo. Sasa mita isome kati ya 13 na pointi 8 na 14 na pointi 4 hivi. Ikibaki 12, chaji haifiki. Ikipanda juu ya 15, chaji imezidi, na globu zitaungua kila wiki.

Halafu pima penye taa yenyewe. Hapa kuna jambo la kushangaza. Ukipoteza volti 1 tu njiani kati ya volti 12, utafikiri ni kidogo. Lakini mwanga wa globu ya waya hupungua karibu robo. Ukipoteza 2, karibu nusu ya mwanga imekwenda. Hapo mfano wa mfereji unafaa. Mfereji ukijaa takataka, mwenye shamba la mwisho anapata matone.

Asiye na mita atumie ule waya mrefu. Washa taa inayofifia. Funga mwisho mmoja wa waya kwenye kichwa cha betri kile kilichofungwa na chesisi. Mwisho mwingine gusisha kwenye chuma cha taa, mahali palipokwanguliwa. Taa ikiruka na kuwaka vizuri, umepata mgonjwa: ni ethi. Taa isipobadilika, ugonjwa uko upande wa kwenda, kwenye swichi, kiungo au waya. Kipimo hiki kinachukua dakika moja.

Lakini tahadhari. Katika Land Rover nyingi za zamani tangi la petroli liko chini ya kiti. Betri nayo ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usicheze na cheche karibu na hapo. Usivute sigara. Vua pete na saa ya chuma. Ukitaka kufungua betri, anza na kichwa cha upande wa chesisi, na ukifunga, kichwa hicho kiwe cha mwisho. Namna hiyo spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya haitapiga shoti.

Tena angalieni hili. Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na ya mwanzo wa 1960 zilifungwa kinyume. Kilichofungwa na chesisi ni kichwa cha kujumlisha, si cha kutoa. Mtazame mwenyewe kabla ya kufunga betri, usikubali kuambiwa tu. Gari lenye altaneta likifungwa betri kinyume, altaneta inakufa papo hapo.

TAA INASEMA INAUMWA NINI

Mgonjwa mzuri humweleza daktari panapouma. Taa pia hueleza.

Kama taa zote zinafifia pamoja, usihangaike na globu. Tazama betri, vichwa vyake, mkanda wa ethi na chaji. Vichwa vyenye unga wa kijani au mweupe vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, vikauke, vikaze, halafu paka grisi juu yake. Grisi inapakwa baada ya kukaza, isiwe katikati.

Kama ni taa moja tu imezimika, anza na globu yake. Itoe, itazame kwenye mwanga. Uzi umekatika? Kioo kimekuwa cheusi? Kama ni nzima, tazama kishikio. Kina kutu? Kile kijichuma cha katikati kimelala? Kwangua kwa msasa, kiinue kidogo. Hapo taa nyingi zinapona bila kununua kitu.

Halafu kuna ule ugonjwa unaowafanya watu waseme gari lina mashetani. Unakanyaga breki, indiketa inawaka. Unawasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinapepesa. Hakuna shetani. Umeme wa taa ya breki umefika kwenye globu, ukakuta njia ya kurudi imefungwa. Unageuka, unapita kwenye globu ya jirani kutafuta njia yake. Ndiyo maana jirani anawaka. Ukiona taa mbili zinafanya kazi ya mwenzake, nenda moja kwa moja kwenye ethi ya taa zile.

Taa za nyuma zina globu yenye nyuzi mbili. Mmoja ni wa wati 5, wa taa ya usiku. Mwingine ni wa wati 21, wa breki. Vipini vyake viwili havilingani kimo, makusudi, ili usiigeuze. Tunaona watu wanailazimisha kwa koleo mpaka inaingia. Basi taa ya usiku inakuwa kali, na ya breki inakuwa hafifu. Wa nyuma yako hatajua umesimama.

Indiketa ikiwaka bila kupepesa, au ikipepesa haraka haraka kuliko kawaida, mara nyingi globu moja ya upande huo imekufa. Inategemea aina ya flasha iliyofungwa. Na ukiweka globu mpya za LED kwenye flasha ya zamani, huenda isipepese kabisa, maana LED zinakula umeme kidogo mno kwa flasha ile. Badilisha na flasha.

Taa za breki zikikataa zote mbili, tazama swichi yake. Iko kwenye bomba la mafuta ya breki au karibu na pedeli, kutegemea gari. Toa nyaya zake mbili, ziunganishe. Zikiwaka, swichi imekufa.

Tufike kwenye taa kubwa za mbele. Katika zile za kabla ya Series III, swichi ya kuinamisha taa iko sakafuni, unaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Fikirini mahali ilipo. Matope yote ya viatu, mkojo wa mbuzi, maji ya mto, vyote vinaishia hapo. Mtu analalamika taa za dimu hazipo, kumbe swichi imeoza. Ibadilishe. Wengine wanaipiga nyundo.

Na swichi ya taa nayo inabeba mzigo mzito. Globu mbili za wati 60 zinakula ampea 10 hivi. Umeme wote huo unapita kwenye swichi ya miaka 40. Dawa nzuri ni rilei. Rilei ni swichi ya pili iliyo karibu na taa, inayopata umeme kutoka betri kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuiamuru tu. Mwenye kusafiri usiku mara kwa mara asione fedha hizo ni nyingi.

Jambo moja juu ya vioo vya taa. Sisi Tanzania tunapita kushoto. Taa zilizotengenezwa kwa nchi wanakopita kulia hutupa mwanga upande wa kulia zikiinamishwa. Kwetu mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja. Ukinunua taa kuukuu mtaani, ziwashe mbele ya ukuta kwanza, uone mwanga unapanda upande gani.

FYUZI SI MSUMARI

Hapa tutasema kwa ukali kidogo. Fyuzi ikiungua, imekuambia mahali fulani waya umegusa bodi, umepiga shoti. Fyuzi imekufa ili gari lisiungue. Sasa wewe unatia msumari, au karatasi ya fedha ya sigara. Msumari hauungui. Kinachoungua ni waya, kisha kiti, na chini ya kiti mnajua kuna nini.

Tena mjue kwamba katika Land Rover nyingi za zamani taa kubwa za mbele hazina fyuzi kabisa. Waya ukichubuka pale unapopita kwenye tundu la chuma, unaungua mwenyewe mpaka mwisho. Kwa hiyo kila tundu liwe na kipira chake. Kikikosekana, kata kipande cha mpira wa tairi la ndani, uzungushie waya.

Je, shoti inatafutwaje bila kuunguza fyuzi kumi? Toa fyuzi iliyoungua. Mahali pake funga globu ya wati 21. Kama shoti ipo, globu hiyo itawaka kwa nguvu zote, na hakuna kitakachoungua. Sasa mmoja aitazame globu, mwingine atikise nyaya polepole, kuanzia mbele hadi nyuma. Globu ikififia ghafla au kuzimika, simama hapo. Mkono wako uko juu ya shoti.

RANGI, NA KAZI YA DAFTARI

Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule yalitumia rangi zilezile za nyaya. Ukizijua za Land Rover, umezijua na za mengi ya hayo. Mweusi ni ethi. Kahawia unatoka betri, una moto wakati wote, hata gari likiwa limezimwa. Mwekundu ni wa taa ndogo za mbele na za nyuma. Wa bluu ni wa taa kubwa. Bluu wenye mstari mweupe ni taa kali, bluu wenye mstari mwekundu ni dimu. Kijani wenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto. Kijani wenye mstari mweupe ni ya kulia. Kijani wenye mstari wa zambarau ni breki.

Tatizo ni kwamba gari limepita mikononi mwa mafundi ishirini, na kila mmoja alitumia waya aliokuwa nao. Tumeshaona gari ambalo nyaya zote ni nyekundu. Hapo ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Chukua daftari. Kila unapofungua waya, andika: "Mwekundu wa juu, unakwenda taa ya nyuma kushoto." Kata kipande cha plasta, andika namba, bandika kwenye waya. Andika na tarehe uliyobadilisha globu. Globu ikiungua mara tatu kwa mwezi mmoja pahali pamoja, daftari litakuambia, wewe ungesahau. Na fundi akisema ameweka waya mpya, mwambie aoneshe, uandike umetoka wapi unaenda wapi. Fundi mkweli hatakasirika.

Kiungo kifanywe vizuri pia. Kusokota nyaya mbili na kufunika kwa mfuko wa nailoni ni kazi ya siku mbili. Na usifunge taa kubwa kwa waya wa spika ya redio. Ni mwembamba, utapata moto.

Mama hapa mbele anauliza: kama gari lake limeoza kila mahali, atakwangua bolti ngapi? Swali zuri, mama. Kwa gari la namna hiyo sisi hatuamini tena bodi. Tunavuta waya mweusi kutoka kila taa. Za mbele zote tunazileta kwenye bolti moja kwenye chesisi iliyokwanguliwa mpaka chuma cheupe, na za nyuma vivyo hivyo. Tunaweka washa ya meno, tunakaza, tunapaka grisi. Tena tunavuta waya mmoja mnene kutoka bolti zile hadi betri. Ni kazi ya siku moja, na nyaya si ghali. Taa zinakuwa na barabara yao wenyewe ya kurudi.

Baba mwingine anauliza kama anaweza kufanya haya mwenyewe bila fundi. Kusafisha, kukaza, kubadilisha globu na kutafuta ethi, ndiyo, wewe na utingo wako mnaweza. Altaneta na rilei ya kwanza, njooni kwetu au kwa fundi yeyote mliyemzoea, mkitazama anavyofanya.

Na kila jioni kabla ya kutoka mnadani, abiria hawajapanda, washeni taa zote. Utingo azunguke gari, aite moja moja: ndogo, dimu, kali, indiketa, breki. Ni dakika mbili. Abiria nao wana haki ya kusimama pale wakatazama, na kukataa kupanda.

Haya, maneno yametosha. Tusogee kwenye ile ya kijani yenye taa moja. Utingo, washa taa ndogo. Nani ameshika ule waya mrefu?